Kuuza Nyumba na Kubaki Mpangaji Ndani Yake

Mtu akianza kupokea barua za benki kuhusu mkopo wa nyumba, hakosi wa kumnong'oneza njia ya mkato. Yuko mwekezaji mwenye fedha taslimu, atainunua nyumba wiki hii hii, deni litafutwa na familia haitahama. Watoto watabaki shule ileile, majirani hawatajua kitu. Mtalipa kodi kila mwezi, na mambo yakinyooka mtainunua tena. Kwa mtu aliyekosa usingizi kwa miezi kadhaa, maneno hayo ni matamu mno, na wengi huingia wakidhani wamepata mkopo wa aina nyingine, kumbe wameuza.

Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 8 na benki inadai milioni 3. Mwekezaji anatoa milioni 5.2. Deni likilipwa, mkononi inabaki milioni 2.2. Kodi waliyokubaliana ni shilingi 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Baada ya miaka minne mwenye nyumba wa zamani amemrudishia mnunuzi 2,160,000, karibu zote alizopokea. Hana nyumba, hana akiba, na kodi ya mwezi ujao inamsubiri.

Sasa mlinganishe na jirani yake aliyebaki na deni la benki. Huyo bado ni mmiliki. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inailazimu benki kumpa notisi ya siku zisizopungua 90 alipe malimbikizo. Akishindwa, lazima apewe notisi nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa, na dalali wa mnada akikabidhiwa kazi hutoa siku 45 za kuikomboa. Benki inatakiwa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mahakama huchukulia kwamba imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Na fedha zikizidi deni, salio ni la mkopaji. Rudi kwenye mfano wetu: mwekezaji alinunua kwa asilimia 35 chini ya bei ya soko. Benki ingefanya hivyo ingekuwa na la kujibu mahakamani. Yeye hana, kwa sababu muuzaji alitia saini kwa hiari yake. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili: kwa saini moja mtu ameuachia ulinzi wote ambao sheria humpa mdaiwa, akabaki na ahadi ya mnunuzi.

Ahadi hiyo ina nguvu gani? Uingereza walilijibu swali hilo kwa machozi ya watu wengi. Biashara hii ilishamiri huko katika muongo wa kwanza wa karne hii. Baadhi ya wauzaji katika kaskazini mashariki ya England waliahidiwa kukaa kwenye nyumba zao kwa muda wautakao. Wanunuzi wakachukua mikopo kwa dhamana ya nyumba hizohizo, bila kuwaambia wakopeshaji habari ya ahadi. Walipoacha kulipa, wakopeshaji wakazidai nyumba. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Oktoba 2014 wauzaji wakashindwa. Majaji walieleza kwamba siku ahadi ilipotolewa, mnunuzi alikuwa bado hajaimiliki nyumba, kwa hiyo hakuwa na haki yoyote juu ya nyumba ya kumpa mtu. Alichotoa ni neno lake, na neno hilo halikumfunga mkopeshaji. Wapangaji wale hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Kufikia hapo serikali yao ilikuwa imeshaamka. Kuanzia 2009 kampuni za biashara hii zilitakiwa kuwa na kibali, na kuanzia 2010 masharti yakakazwa: siku 14 za kutafakari na kujitoa, upangaji usiopungua miaka mitano, marufuku ya kusambaza vipeperushi milangoni mwa watu. Mwaka 2012 mdhibiti alipozikagua kampuni hizo, alikuta mikataba mingi haimfai mteja au mteja haimudu, na biashara ikawa kama imefungwa.

Kwetu pwani mpango huu una historia ndefu kuliko huko. Katika karne ya 19 mwenye shamba la mikarafuu Zanzibar aliyehitaji fedha alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei ya khiyari. Alipewa muda wa kulikomboa, na huku akaendelea kukaa na kuvuna, akilipa kodi. Ile kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo, iliyovishwa nguo ya upangaji kwa kuwa riba ni haramu. Karafuu zikishuka bei, kodi haikushuka, na muda ukipita shamba lilikwenda moja kwa moja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga amri za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia kwa wakopeshaji. Mwaka 1992, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi waliokutana Jeddah waliamua kwamba bei ya wafaa, iliyo ndugu wa bei ya khiyari, haijuzu, kwa kuwa uhalisia wake ni mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa. Naafikiana nao, na nadhani hata asiyeshughulika na fiqhi anaweza kuiona hoja.

Sisemi kila mnunuzi ni tapeli. Lakini mwaminifu hatakasirika ukimwambia mambo haya yawe kwenye maandishi kabla ya kuuza. Kwa Kenya, upangaji unaozidi miaka miwili usajiliwe, la sivyo mnunuzi wa baadaye anaweza kukutoa. Haki ya kununua tena itajwe pamoja na bei na tarehe, na wakili aiwekee zuio kwenye daftari la ardhi. Kiwango cha kupandisha kodi kiandikwe pia, kwani sheria ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba yako haimo humo. Mthamini awe wa kwako, wakili awe wa kwako, usikubali wa mnunuzi hata akilipiwa. Mwenzi wako naye ahusishwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haikuruhusu kuuza nyumba ya familia kwa siri.

Kabla ya hayo yote, nenda benki uombe mkopo upangwe upya, na uombe kwa barua. Ikishindikana, iuze nyumba sokoni kwa bei yake kamili, ulipe deni, ukapange kwingine. Kuhama kunauma, najua. Ila katika mfano wetu aliyehama angeondoka na milioni 5, na aliyebaki alipata 2.2.