Je, Wajua? Samaki wa Bandia Anayemhadaa Besi

Mdomo usio na adabu
Besi mdomo-mkubwa, samaki wa maji baridi kutoka Marekani, humeza samaki mwenye thuluthi nzima ya urefu wake. Kwako wewe hiyo ni sawa na kumeza kipande cha mua cha nusu mita bila kutafuna! Kwa ulafi huo ikazaliwa suimbeti: chambo bandia chenye umbo, rangi na mwendo wa samaki mzima.

Walioneneshwa na trauti
Mwaka 1959 besi wa Florida walihamishiwa mabwawa ya San Diego, California. Samaki aina ya trauti walipomwagwa majini humo ili wavuvi wapate cha kuvua, besi waliwageuza kitoweo, wakawa majitu. Wavuvi nao wakaanza kuchonga trauti wa bandia wenye urefu wa penseli mpya na zaidi.

Gramu 27 zisizotosha
Tarehe 2 Juni 1932, George Perry alivua huko Georgia besi wa kilo 10.09, mzito kuliko maji ya ndoo ya lita 10, kwa chambo bandia cha mfano wa samaki. Mwaka 2009 Manabu Kurita wa Japani alimpita kwa gramu 27 hivi katika Ziwa Biwa. Kanuni ya rekodi ya dunia ilidai tofauti ya gramu 57, kwa hiyo wakatangazwa sare. Besi wa Perry? Aliishia chunguni.

Yupo hata Naivasha
Besi huyu alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Mgeni wa Marekani sasa ni mwenyeji wa Bonde la Ufa.

Chambo kinachovunja ufito
Suimbeti kubwa hufika gramu 170, uzito wa simu janja, ilhali fito nyingi za kuvulia besi zimeundwa kurusha gramu 28 tu au karibu na hapo. Kabla ya kurusha, soma kipimo kilichoandikwa juu kidogo ya mpini. Suimbeti kubwa namna hii hutaka ufito mgumu wa mita 2.4 hivi, na mshipi wa nailoni wa ratili 20 hadi 25.

Mshipi nao una tabia
Mshipi wa florokaboni huzama. Wa kusuka huelea. Chambo kilekile, ukibadili mshipi tu, kitapita kina kingine. Na kwa kuwa kamba hukatikia pabovu, pitisha kidole karibu na fundo kila baada ya kunasa: ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya.

Husikia kwa ubavu
Besi ana mstari wa hisia ubavuni unaonasa mtikisiko wa maji, hivyo mkia wa mpira unaopigapiga humwita hata kwenye tope. Anayeanza anatosheka na suimbeti laini ya sentimita 8 hadi 12, ndoano yenye kichwa cha risasi na ufito wake wa kawaida. Ingiza ndoano mdomoni mwa chambo, uitoe katikati kabisa ya mgongo. Ikitoka kombo, samaki wako wa bandia atazunguka kama pia. Basi mjaribu kwanza ufukweni, kwenye maji ya magotini: akiogelea wima, mrushe.