Risasi Si Akiba

Mwezi Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliwaponyoka Waingereza waliokuwa wakilinda bahari, ikatia nanga katika Ghuba ya Sudi, baina ya Lindi na Mtwara, ikiwa na mizinga, bunduki na risasi za jeshi la Kijerumani la huku Afrika Mashariki, lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mzigo ule ulifika mkavu. Meli iliyoitangulia haikuwa na bahati hiyo mwaka mmoja kabla: Aprili 1915 meli ya Rubens ilishambuliwa katika Ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga, ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Risasi zake ziliopolewa, zikafunguliwa, baruti ikakaushwa na kufungwa upya kwa kazi kubwa, na bado nyingi ziligoma zilipofyatuliwa. Vita vilipofika Mahiwa mwezi Oktoba 1917, katika bonde la Lukuledi ambamo barabara ya Lindi hupita Nanganga kuelekea Masasi, jeshi hilo lilikuwa linakaribia kuishiwa risasi. Mwezi uliofuata likapita Newala na kuvuka Ruvuma kwenda kutafuta risasi za Wareno. Jeshi zima lilifundishwa na maji ya chumvi jambo ambalo mwenye bunduki moja nyumbani hulisahau kwa urahisi: risasi huharibika.

Jambo hili linatuhusu hadi leo. Nguruwe pori, nyani na ngedere hawajaacha mashamba ya Masasi na Newala, na upande wa mapori ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi tembo nao ni majirani. Kwa hiyo wapo watu wanaomiliki bunduki au gobore kwa leseni, na wengi wao huweka risasi kama wanavyoweka mbegu, yaani kwa matumaini ya misimu mingi ijayo. Tumelelewa na methali kwamba akiba haiozi. Kwa risasi, methali hiyo inatupotosha. Risasi huoza, na inapooza humdhuru kwanza mwenyewe na watu wa nyumba yake. Hoja ya makala hii ni kwamba nyumba ya mtu haifai kuwa ghala la risasi la miaka mingi. Inafaa kuwa mahali pa kukaa risasi chache, kavu, zilizofungiwa, ambazo kila baada ya muda hutumika kihalali au hurudishwa na kubadilishwa.

Ili kuelewa sababu, tuitazame risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba nyeupe, kichwa kinachoruka, fataki ndogo kitakoni inayowaka ikigongwa, na baruti iliyo katikati. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na kemikali hii huanza kujivunja yenyewe polepole tangu siku inapotoka kiwandani. Inapojivunja hutoa gesi yenye asidi, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji zaidi. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya humo dawa ya kuinyonya asidi. Dawa hiyo ina kiasi chake, na siku ikiisha hakuna kinachobaki kuizuia baruti. Joto ndilo huimaliza mapema: kwa kanuni ya jumla ya kemia, joto likipanda nyuzi 10, kasi ya uharibifu huongezeka kama mara mbili. Baruti nyeusi ya gobore ina tabia nyingine. Haijivunji namna hiyo, lakini hunyonya unyevu, hugandamana, masizi yake hula chuma cha mtutu, na cheche moja tu huiwasha.

Sasa tuzilinganishe tabia hizo na nyumba zetu. Chini ya bati lisilo na dari, jua la Oktoba hugeuza chumba kuwa tanuri mchana, na usiku kikapoa. Mvua zikianza, unyevu huingia kila pembe hadi Aprili, na juu kule Newala ukungu huendelea hata miezi ya baridi. Mkulima wa korosho anaijua adha hii kuliko mtu yeyote. Anajua kwamba korosho yenye unyevu hushushwa daraja, kwamba gunia halikai juu ya sakafu tupu bali juu ya chaga, na kwamba ghala lisilopitisha hewa huharibu mavuno ya mwaka mzima. Ujuzi huo autumie pia kwa risasi, isipokuwa kwa jambo moja: korosho huanikwa juani, risasi haianikwi. Iliyolowa haikaushwi kwa jua wala kwa moto wa jikoni, wala haifunguliwi kwa koleo. Hutengwa na kupelekwa kwa wataalamu.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya maghala ya jeshi na si ya kisanduku chenye risasi kumi. Ni kweli kwamba ukubwa wa madhara haulingani. Milipuko ya ghala la silaha Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na ile ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, iliua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi jijini Dar es Salaam. Kwa jirani zetu, ghala la Malhazine mjini Maputo lililipuka Machi 2007 likaua zaidi ya watu 100. Risasi chache haziwezi kubomoa mtaa. Lakini maghala yale yalikuwa na walinzi, uzio na watu waliosomea kazi hiyo, na bado hayakusalimika. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na umbali kati ya hatari na kitanda cha mtoto ni ukuta mmoja wa udongo. Nyumba ikishika moto, risasi iliyo nje ya bunduki hupasuka na kurusha vipande vya ganda. Iliyokwisha kupakiwa mtutuni hutoka kwa nguvu kamili, popote mtutu ulipoelekea. Gobore lililoshindiliwa na kutundikwa ukutani ni hatari hata pasipo moto.

Basi anayeruhusiwa na sheria afanye nini? Kwanza awe na risasi chache, zisizozidi zile za leseni yake. Aziache katika boksi la kiwandani, kwa sababu ndilo lenye aina na namba ya toleo, na aandike juu yake tarehe ya kununua. Boksi hilo liingie katika sanduku jepesi lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Chuma kinene kilichochomelewa pande zote hakifai, kwani kikipata moto hubana gesi hadi kikapasuka kwa kishindo. Sanduku likae juu ya kichanja kifupi katika chumba chenye ubaridi, mbali na ukuta unaolowa, mbali na dari, jiko, petroli, mafuta ya taa na mifuko ya salfa ya mikorosho, kwa maana salfa nayo huwaka na moshi wake hukaba. Lifungwe kwa kufuli, na bunduki ifungiwe mahali pengine. Ufunguo akae nao mwenye leseni peke yake. Risasi zisipakwe mafuta, kwa kuwa mafuta hupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Zilizonunuliwa kwanza zitumike kwanza. Yoyote yenye kutu ya kijani, ufa, uvimbe au kichwa kinachocheza isitiwe katika bunduki.

Wapo watakaopinga kwamba risasi za miaka 50 bado hulia. Ndiyo, zile zilizokaa kavu na penye ubaridi wakati wote zinaweza kulia. Lakini nani anajua risasi fulani ilipitia mabati mangapi na masika mangapi? Mbaya kuliko inayogoma ni inayochelewa: mtu anavuta kifyatulio, kimya, anafungua bunduki atazame, nayo inalipuka usoni pake. Wengine watasema nguruwe hangoji mtu afungue kufuli mbili. Hilo nalo lina uzito, ila kufuli hufunguliwa kwa muda mfupi sana, na anayekwenda kulinda shamba hujiandaa kabla ya giza. Mtoto anayekuta risasi na bunduki pamoja hahitaji hata muda huo.

Lipo pia kundi jingine, ambalo halina leseni: aliyerithi risasi za marehemu babu, au aliyeokota kitu shambani. Ardhi hii imepitiwa na vita vya 1917, na kando ya Ruvuma ikaguswa na vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanzia 1964 hadi 1974. Chuma cha ajabu kilichofukuliwa na jembe kisiguswe. Mahali pawekewe alama, watoto wazuiwe, na polisi waitwe kwa namba 112. Kuhusu risasi za urithi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila risasi iwe na mwenye leseni, na kuzificha ni kosa kubwa. Hofu ya kukamatwa ndiyo huwafanya wengi wazizike chini ya mhimili wa nyumba. Hofu hiyo ina njia ya halali ya kuiondoa: Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Serikali yetu imewahi kutangaza vipindi vya namna hiyo. Mwenyekiti wa kijiji au mtendaji anaweza kumsindikiza mtu kituoni.

Kwa hiyo kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, kila mwenye leseni alifungue sanduku lake mchana, mbali na watoto na moto, azihesabu risasi zake na kuzikagua moja moja. Zilizo nzima azirudishe na kuzifungia. Zilizochakaa, na zile zisizo na leseni, zisibaki ndani ya nyumba msimu mwingine.