Kimya Katika Unasaji wa Pakiti za Waifai

Kiwango cha Waifai cha 802.11ac, kilichoidhinishwa mwaka 2013, hukiwezesha kituo kuyaelekeza mawimbi yake kwa simu mahususi badala ya kuyatawanya kila upande. Uelekezaji huo una hatua tatu: kituo hutoa tangazo, hutuma ishara ya majaribio, kisha simu huipima ishara hiyo na kurejesha ripoti ya pembe.

Mchunguzi anayenasa pakiti hizo huenda akaliona tangazo pekee, akahitimisha kuwa simu imekataa kujibu. Aghalabu hitimisho hilo ni potofu. Ishara ya majaribio haibebi data yoyote, hivyo kwa kawaida haionekani katika orodha ya pakiti. Nayo ripoti huweza kutumwa kwa upana wa MHz 80 ilhali kinasa pakiti kimewekwa kwenye MHz 20. Tangazo, ambalo mara nyingi hurudiwa katika kila MHz 20, hunaswa, ripoti hupotea.

Yafaa basi kuulinganisha upana wa masafa kwanza, kisha kukisogeza kinasa karibu na simu, kwani ndiyo inayonena. Kabla ya msemaji kulaumiwa, sikio na lipimwe.