Nyigu na Mtini: Uchavushaji wa Tini la Smyrna

Kamusi hutueleza kwamba tini ni tunda la mtini. Kwa mazungumzo ya kila siku maana hiyo yatosha, ila kwa mtaalamu wa mimea tini ni kifuko kilichofunika mamia ya maua madogo yasiyoonja mwanga wa jua. Mlango wake ni tundu moja finyu upande usio na kikonyo. Upepo hauyafikii maua hayo, wala nyuki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi yanavyopata chavua, na hasara iliyowapata wakulima walioipuuza habari hiyo.

Mitini iko ya namna mbili. Wa kwanza huzaa matini tuyalayo (mhakiki wa fasihi anisamehe, hapa matini si maandishi), nayo yana maua ya kike pekee, yenye shingo ndefu. Wa pili Warumi waliuita mtini wa mbuzi. Matini yake ni makavu, hayana ladha, lakini yana maua ya kiume pamoja na ya kike yenye shingo fupi. Ndani ya maua haya mafupi nyigu wa milimita 2 hivi hutaga mayai. Dume huanguliwa kwanza, hana mabawa. Humpanda jike angali ndani ya kivimbe chake, kisha hufa. Jike hutoka akiwa amepakwa chavua, akaenda kutafuta tini changa. Tundu ni finyu hata mabawa yake hunyofoka mlangoni. Akiingia tini la mbuzi, atataga. Akiingia tini la kuliwa, mrija wake wa kutagia haufiki panapotakiwa. Hutangatanga akiyachavusha maua, akafa bila kizazi. Tini tamu, basi, ni kaburi la mama aliyekosea mlango.

Wakulima wa Mediterania walilijua jambo hili kitambo. Theophrastus, katika karne ya 4 K.K., alieleza desturi ya kuangika matini mwitu juu ya mitini ya shambani. Huko Smyrna, yaani Izmir ya leo nchini Uturuki, desturi hiyo ilidumu.

Miaka ya 1880 vipandikizi vya mtini wa Smyrna vilipelekwa California. Miti ilinawiri, lakini matini yalipukutika yangali machanga, mwaka baada ya mwaka. Wapo walioshuku kwamba wameuziwa miti mibovu kwa hila. Na ile desturi ya kuangika ilibezwa kuwa ushirikina wa wakulima wasiosoma. Mwaka 1890 George Roeding wa Fresno alitia chavua kwa mkono katika matini machache, yakaiva. Hata hivyo, nani angeweza kulihudumia shamba zima hivyo? Ilibidi kungoja hadi 1899, nyigu waliotumwa kutoka Algeria na Walter Swingle wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipostawi. Tini hilo likaitwa Calimyrna.

Ikumbukwe kwamba si kila mtini humhitaji nyigu. Aina ya Mission huiva bila yeye. Mkuyu wetu nao una nyigu wake mwenyewe, tofauti na huyu. Aidha, nyigu wakizidi, tini hujaa mbegu mno likapasuka. Kwa sababu hiyo mkulima wa Calimyrna huitenga mitini ya mbuzi mbali na shamba, na msimu ufikapo huangika matini yake machache ndani ya mifuko ya karatasi, akirudia kila baada ya siku chache.