Shyam Akiingia Kazini Huitwa Sam

Nimeisoma riwaya ya Chetan Bhagat, One Night @ the Call Center, iliyotoka mwaka wa 2005. Wafanyakazi sita huko Gurgaon, India, hukesha wakipokea simu za Wamarekani walioshindwa na friji na majiko yao. Kazini Shyam ni Sam. Radhika ni Regina. Hapo, msomaji, mwandishi amepiga penyewe. Sisi tunaowapa watoto majina siku ya saba twaujua uzito wa kulivua jina mlangoni ili mteja asishtuke.

Kisha, ajabu! Mungu anawapigia simu kuwazindua. Hilo limenikera, wala si kwa sababu ya dini peke yake. Ningependa kuwaona wakichoka wenyewe, wamkabili meneja wao bila ya muujiza.