Fahamu: Kwa nini nembo inayocheza hutokea na boksi jeusi kwenye video

Nembo inayocheza juu ya video ikitokea na boksi jeusi, wengi huilaumu programu ya kuhariri. Mara nyingi tatizo liko kwenye faili lenyewe. Uwazi huhifadhiwa katika chaneli ya alfa, inayoeleza kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. MP4 ya kawaida ya H.264 haiibebi, GIF nayo hujua kuonyesha au kuficha tu, ndiyo maana kingo zake huwa na menomeno. Video ya umbizo la ProRes 4444 huibeba chaneli hiyo, na mfululizo wa picha za PNG pia. Wapo wanaosema faili hizo ni nzito, heri kutumia mtindo wa kuchanganya unaofuta weusi. Kwa picha za moto juu ya weusi, sawa. Lakini kwa nembo, maandishi meusi nayo yatafutika. Unapoagiza nembo, usikubali MP4 pekee.