MAJI YA JIBINI SIYO MAJI BURE



Jibini la Masisi, ile fromaji ya mviringo inayoshuka mpaka Goma, twaijua sote. Lakini maji yake yanaenda wapi? Kwa kilo 1 ya jibini huhitajiwa litri 10 hivi za maziwa. Maziwa yakiisha kuganda na kukamuliwa, zinabaki karibu litri 9 za maji. Mara nyingi hupewa nguruwe ao humwagwa.

Kumbe hii maji ingali na chakula. Kila litri ina sukari ya maziwa karibu gramu 45 na protini karibu gramu 6. Kitambaa hakiwezi kuzishika, juu matundu yake ni makubwa mno.

Viwandani wanatumia utando mwembamba wenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Pampu inasukuma maji yapite juu ya utando kwa ubavu, ili matundu yasizibwe upesi. Tando ziko za namna nne. Ya kwanza inazuia mikrobe na mafuta. Ya pili inazuia protini, sukari inapita. Ya tatu inazuia sukari, chumvi nyingine zinapita. Ya nne inapitisha maji karibu peke yake. Mwaka 1969, Wafaransa Maubois, Mocquot na Vassal walileta njia ya kuchuja maziwa hivyo mbele ya kuyagandisha, hata protini ile ikabaki ndani ya jibini.

Kwetu je? Kazi hiyo inadai umeme, pampu, na kusafisha tando kila siku. Kwenye kilima kisicho na umeme ni shida. Lakini moto tunao. Maji ya siku ileile yakipashwa mpaka karibu kuchemka, na kutiwa ndimu kidogo, sehemu kubwa ya protini hushikamana kama mawingu meupe. Tunachuja kwa kitambaa safi, tunapata jibini laini. Sukari inabaki majini. Hiyo ndiyo fungu la nguruwe.

Litri 9 zina gramu 50 hivi tu za protini. Ni kidogo, ndiyo. Lakini bwaki inajulikana Masisi na Walikale, na mtoto anayekula bugali ya muhogo kila siku, bila maharagwe wala maziwa, anahitaji hicho kidogo. Basi, mbele ya kumwaga ndoo, tuulize kwanza ndani mwake muko nini.